Kaptura Nyeusi ya Bi Sindano

Jumapili ile Bi Sindano alikula chakula cha mchana amesimama. Aliegemea friji, sahani mkononi, na kila mara binti yake alipomsogezea kiti alitikisa kichwa kama mtu anayesogezewa nyoka. Asubuhi alikuwa ameendesha baiskeli kilomita sitini kwenda na kurudi, mara yake ya kwanza kufika mbali hivyo, na kiti cha baiskeli kilikuwa kimemfanyia unyama ambao hata yeye, muuguzi wa miaka thelathini na minne kazini, hakuwa na jina la heshima la kuuita.

Kaka yake mkubwa alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu, na nyumbani wote walimwita Mkaguzi, maana kazi iliisha lakini ukaguzi haukuisha. Aliishi nyumba ya pili ndani ya ua huohuo, na mlo wa Jumapili alikula kwa mdogo wake.

"Mwili umeshasema," alitangaza. "Miaka sitini na moja si mchezo. Hiyo baiskeli mpe mwenye makalio ya ujana."

"Mwili haukusema niache, Kaka. Umesema kiti kinauma. Hayo ni malalamiko mawili. Ningekuwa nachanganya malalamiko ya wagonjwa hivyo, ningeua watu."

Jina la Bi Sindano alipewa na watoto. Nusu ya mji huo aliwachoma yeye chanjo zao, na mpaka leo kuna wanaume wenye ndevu wakikutana naye njiani wanashika bega bila kujijua. Miaka yote hiyo alitembea korido moja, kutoka mlango wa wodi mpaka dirisha la mwisho, hatua arobaini na mbili, kisha anageuka. Alipostaafu, watu walimshauri apumzike. Yeye alinunua baiskeli ya gia kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anahama, kwa sababu alitaka kwenda mahali ambapo hageuki baada ya hatua arobaini na mbili. Hakumwambia mtu yeyote sababu hiyo. Aliona ingesikika ya kijinga.

Mjini palikuwa na chama cha waendesha baiskeli, na kila mwaka walifanya safari ya kwenda bwawani, kilomita mia moja na kumi. Walikuwa wakilala huko, na kesho yake kurudi kwa gari. Kiongozi wao, mwenye shule ya udereva, waliyemwita Kamanda, alifurahi sana Bi Sindano alipokwenda kujiandikisha.

"Karibu sana, mama. Wewe utakaa kwenye gari la maji, utatugawia chupa."

"Niandike na waendeshaji."

"Mama, jua la barabara ile—"

"Nimekuja kujiandikisha, sikuja kuuliza habari za jua."

Kamanda aliandika jina lake kwa shingo upande, tena kwa penseli, wakati wenzake wote walikuwa wameandikwa kwa kalamu. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Basi, baada ya ile Jumapili ya kula amesimama, alikwenda sokoni akanunua kaptura ya baiskeli. Muuzaji alimtolea yenye sponji nene kuliko zote, akaifinya mbele yake kama anauza mkate. "Hii, mama, ni kama umekalia mawingu." Jumamosi iliyofuata Bi Sindano alikalia mawingu hayo kilomita arobaini, na kilomita kumi za mwisho alizimaliza amesimama juu ya pedali, meno yameuma midomo.

Nyumbani alijifungia chumbani, akachukua kioo cha mkono, akajikagua kama anavyokagua mgonjwa. Alikuta mistari miwili myekundu pale mshono ulipopita, na ngozi iliyoanza kuchubuka. Aliitazama bila huruma. Alikuwa ameuguza vidonda vya kulalia vya watu wasiohesabika na alijua jinsi vinavyoanza: uzito, unyevu na msuguano. Kumbe hakuwa mzee mno kwa safari. Alikuwa na tatizo la wodini, na matatizo ya wodini hakuwahi kuyakimbia.

Jumatatu alikwenda kwa Fundi Spoku. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, mwanamke mwingine pekee katika chama kile, na jina alilipata kwa kunyoosha magurudumu yaliyopinda mpaka yakawa kama mapya. Bi Sindano alimweleza yote, bila kupunguza.

"Ndani ulivaa nini?" Spoku aliuliza.

"Ndani ya nini?"

"Ya kaptura."

"Nguo ya ndani, kama binadamu."

Spoku akaweka spana chini. "Dada yangu, hapo ndipo ulipojichinja. Kaptura ya baiskeli haivaliwi na kitu ndani. Chupi ina mishono, inashika jasho, inakusugua kama msasa."

Bi Sindano, aliyekwisha kuzalisha watu kwenye ngazi na kuosha maiti, alisikia uso ukipata moto. "Yaani nitoke barabarani bila chupi?"

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mwanaume mmoja aliyekuwa anangoja kuzibiwa pancha aliinua macho akaanza kuangalia mawingu kwa makini.

"Utoke hivyohivyo," alisema Spoku. "Tena usiwe na hofu, hakuna anayekuja kuhakiki."

Akamletea kipande cha boksi la tairi, lile la karatasi yenye mawimbi ndani, akakiweka juu ya benchi. "Kaa hapa. Inama mbele kama umeshika usukani. Hesabu ishirini." Bi Sindano akakaa, akahesabu, akainuka. Kwenye boksi palikuwa na mabonde mawili madogo. Spoku akapima kwa rula kutoka katikati ya bonde moja hadi jingine: sentimita kumi na nne.

"Hiyo ni mifupa yako ya kukalia. Sisi wanawake imeachana zaidi kidogo kuliko ya wanaume, kwa hiyo usikubali kuuziwa kaptura ya kiume. Pedi, hiyo sponji ya kukalia, iwe nzito hapa na hapa, katikati iwe na mfereji. Unene si hoja. Ibonyeze na kidole gumba. Kidole kikizama mpaka upande wa pili, hiyo ni godoro, iache. Na ikubane. Inayocheza ndiyo inayochubua."

"Nitaipata wapi?"

"Lile duka la michezo lenye kioo kikubwa. Lakini jiandae. Mwenye duka ana maneno."

Bi Sindano akakunja kile kipande cha boksi, akakitia kwenye mkoba wake, akaondoka.

Dukani alipokelewa na msichana muuzaji, mpole, ambaye kila alipofika kwenye neno "pedi" alishusha sauti kama anasema siri ya familia. Alimletea kaptura tatu za kike. Bi Sindano akazibonyeza moja moja, akazigeuza ndani nje, akafuata mishono kwa ukucha. Kisha akasema anataka kuzijaribu.

Hapo ndipo mwenye duka alipotoka nyuma ya meza yake. "Mama, samahani. Kaptura hizi hazijaribiwi. Chukua saizi kubwa tu, ikae huru, usibanwe. Kwa umri huu unahitaji starehe."

"Isiponibana itanichubua. Na nguo ya ndani ya kujaribia ninayo, nyembamba, imefuliwa, inafika magotini. Mambo ya usafi usinifundishe, mwanangu, yalikuwa kazi yangu."

"Ndiyo, lakini—"

"Na kusimama mbele ya kioo hakutoshi. Kaptura ya baiskeli nitaijuaje bila baiskeli? Nitapanda ile."

Alielekeza kidole kwenye baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, iliyowekwa kwenye kioo cha mbele kwa ajili ya maonyesho.

"Pale dirishani?" mwenye duka aliuliza.

"Pale ndipo ulipoiweka."

Mwenye duka alisema haiwezekani, duka lake si uwanja. Bi Sindano hakubishana. Akavuta kistuli cha kujaribia viatu, akakiweka karibu na mlango, akakaa, akapakata mkoba. Miaka mingi alikuwa ameketi kwenye ofisi za wakubwa akingoja dawa za wodi yake, na hakuna mkubwa aliyewahi kumshinda kwa kukaa. Wateja wakaingia, wakatoka. Kila aliyeingia alimsalimu, maana kila mtu alimjua, na kila aliyemsalimu alimuuliza anangoja nini. Naye alijibu ukweli, wazi, kwa sauti ya kawaida: "Nangoja kujaribu kaptura."

Mtu wa saba alikuwa mama mzazi wa mwenye duka, aliyekuja kumletea mwanawe funguo. Baada ya salamu na maelezo, mama yule alimgeukia mwanawe. Alimkazia macho. Mwenye duka akaondoa mwenyewe bango lililokuwa limening'inizwa kwenye usukani wa ile baiskeli.

Bi Sindano akapanda. Kaptura ya kwanza aliiendesha dakika kumi, akashuka: godoro. Ya pili ilikuwa na mshono uliokatiza mahali pabaya, dakika tano zilitosha. Ya tatu ilikuwa nyeusi tii, haina mapambo, na pedi yake ilikuwa ngumu kiasi cha kutia shaka. Alipokaa, ile mifupa yake miwili ilitua mahali pake kama funguo kwenye kitasa. Akaongeza mwendo. Dakika ishirini, thelathini. Jasho likamtoka. Nje watu walikuwa wamesimama kwenye kioo, wengine wameinua simu.

"Bibi, unakwenda wapi?" mmoja alipiga kelele.

"Bwawani!" alijibu huku anakanyaga. "Bado sijafika!"

Wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka. Alikuwa anasikiliza chini yake, na chini yake palikuwa kimya. Akashuka, akalipa bila kuomba apunguziwe, akaenda zake.

Jumamosi mbili zilizofuata alipiga kilomita themanini themanini. Miguu iliuma, mabega yaliuma, viganja vilikufa ganzi. Lakini alirudi nyumbani akakaa kitini kama watu wengine. Mkaguzi alimtazama kutoka upande wa pili wa meza na hakupata la kuandika kwenye ripoti yake.

Aliyekuja na malalamiko sasa alikuwa binti yake. Alifanya kazi ya kuuza dawa famasi, na siku hiyo alirudi amenuna.

"Mama, nimekuona kwenye simu ya mwenzangu. Umo ndani ya kioo cha duka, unakanyaga."

"Nilitoka vizuri?"

"Mama! Wakwe wanakuja Jumamosi. Wazazi wa mchumba wangu, na shangazi yake. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku hiyo ile kaptura isionekane."

Bi Sindano alimtazama mwanawe huyu wa pekee, aliyemlea peke yake kwa zamu za usiku na za mchana. "Jumapili alfajiri ndiyo safari, mwanangu. Kaptura ninayo moja. Inafuliwa Jumamosi mchana, inaanikwa, inakauka. Nitaianika kamba ya nyuma. Zaidi ya hapo sitaahidi."

Jumamosi wakwe walifika saa nane mchana: baba wa kijana, mtu mrefu mwenye maneno machache, mama yake, mchangamfu, na shangazi, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea. Walipokelewa barazani, chai ikamiminwa, wakaulizana habari za afya za watu wote waliokuwapo na wengi wasiokuwapo. Mkaguzi, kwa nafasi yake ya mjomba, alivaa koti na kuongoza mazungumzo. Mambo yalikwenda vizuri.

Bi Sindano aliinuka kwenda kuongeza maji ya chai, akapitia nyuma. Kwenye kamba palikuwa na vibanio viwili vimeshika hewa.

Alitafuta chini, akaangalia uani kwa jirani, akaangalia ndani ya beseni. Kisha akakumbuka kwamba kaka yake alichelewa kidogo kufika barazani, na alipofika alikuwa anajifuta mikono. Akarudi mbele. Hakukaa.

"Kaka, kaptura yangu iko wapi?"

Mkaguzi akakohoa. "Mdogo wangu, tuna wageni. Tutazungumza baadaye."

"Naondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Baadaye ni lini?"

"Kuna vitu," alisema Mkaguzi kwa sauti ya mikutano, "ambavyo familia yenye heshima haivianiki mbele za watu."

Bi Sindano alipofungua mdomo sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, lakini ilitoka.

"Nimeanika mashuka yenye damu ya watu wa mji huu kwa miaka thelathini na minne. Nimeanika nguo zako wewe, Kaka, ulipolazwa hujiwezi. Hakuna aliyeniambia nifiche. Leo ni nguo yangu mwenyewe, safi, nimeifua kwa mikono yangu, ndiyo imekuwa aibu? Aibu ya nani? Miguu ni yangu. Safari ni yangu. Naomba nguo yangu."

Baba wa kijana aliangalia ndani ya kikombe chake. Shangazi alisonya, taratibu, lakini wote walisikia.

Binti akasimama. Bi Sindano alidhani anakwenda ndani kulia, na hilo tu ndilo ambalo hangelistahimili. Lakini binti alishuka ngazi za baraza, akakata ua, akaingia nyumba ya mjomba wake. Alipotoka alikuwa ameishika kaptura nyeusi kwa mikono miwili, ikidondosha maji. Akapita mbele ya wakwe zake, uso umeiva, akaibana kwenye kamba ya mbele, palepale jua lilipopiga zaidi.

"Ilikuwa kwenye mkoba wako wa ukaguzi, Mjomba," alisema. "Imelowesha karatasi zote."

Mama wa kijana aliuliza, kwa shauku ya kweli, ile ni nguo ya nini.

"Ya mama," alijibu binti. "Kesho anakwenda bwawani kwa baiskeli. Kilomita mia moja na kumi."

"Kwenda na kurudi?" aliuliza baba wa kijana. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu salamu.

"Kwenda tu."

Yule baba alifikiri kidogo, akainamisha kichwa kwa heshima, akaomba chai nyingine. Yaliyobaki yalizungumzwa kama yalivyopangwa na siku ya harusi ikapangwa, ingawa shangazi hakumaliza kikombe chake na Mkaguzi aliongea sentensi fupi fupi mpaka wageni walipoaga. Usiku mama na binti waliosha vyombo pamoja. Binti aliuliza tu, "Kweli ndani huvai kitu?" na Bi Sindano alipojibu, sahani karibu imponyoke kwa kicheko.

Asubuhi walikuwa waendeshaji ishirini na sita. Kamanda alipita akikagua matairi, akafika kwake. "Mama, gari lina nafasi. Ukichoka, inua mkono tu."

"Mkono wangu utakuwa umeshika usukani."

Kilomita hamsini za kwanza zilikuwa rahisi, akiwa nyuma kidogo ya Spoku. Kwenye ya sitini jua lilianza kuchoma. Kwenye ya sabini ulianza mlima, na mlima ule ulimvua kiburi chote, mpaka akawa anahesabu nguzo za umeme na kujiruhusu kufikiria nguzo moja tu mbele. Goti la kushoto lililia. Gari la maji likaja likawa linatembea sambamba naye, polepole, mlango umefunguliwa. Ndani walikuwa wameshaingia wanaume wawili. Bi Sindano hakugeuza shingo. Mwishowe gari likachoka, likampita.

Juu ya mlima alimkuta mwendeshaji mmoja, mwalimu wa michezo, mwenye mapaja kama magogo, anasukuma baiskeli huku ametanua miguu. Bi Sindano aliujua mwendo ule.

"Ndani umevaa nini?" alimuuliza.

Mwalimu wa michezo alimtolea macho. Alipoelewa, aliangalia huku na huku, akajibu kwa kunong'ona. Bi Sindano akampa kopo lake dogo la mafuta ya mgando, akamwelekeza kwenye kichaka, akampa kisogo mpaka alipomaliza. Wakashuka mlima pamoja.

Walifika bwawani saa tisa alasiri, wa mwisho kabisa. Bango la kupokea watu lilikuwa limeshakunjwa. Spoku peke yake ndiye aliyekuwa amesimama kwenye ukuta wa bwawa, akawapigia kelele kama watu elfu. Bi Sindano alishuka, akashikilia baiskeli mpaka magoti yalipokubali kumbeba, kisha akatembea ukutani, maji upande mmoja na bonde upande mwingine, akaenda tu, mpaka Spoku akamwita warudi kula.

Jioni aliifua kaptura kwenye sinki la nyumba ya wageni, akaikamua ndani ya taulo, akaiacha mbele ya feni. Asubuhi ilikuwa imekauka. Nje Kamanda alikuwa anapakia baiskeli kwenye lori. Alipofika kwenye ya Bi Sindano akaikuta imeshikwa.

"Hii haipandi," alisema Bi Sindano. "Mimi na Spoku tunarudi kwa barabara."

"Mama, hakuna aliyewahi kurudi kwa baiskeli."

"Basi hamjui kama inawezekana."

Kamanda akaenda kushusha chupa nne za maji kutoka kwenye gari, akawapa.

Simu ikalia. Alikuwa binti yake, akiuliza lori linafika saa ngapi ili aje kumpokea. Bi Sindano alimweleza. Upande wa pili kukawa na vurugu kidogo, kisha ikasikika sauti ya Mkaguzi, aliyenyakua simu.

"Mdogo wangu, umeshafika, tumekubali, umeshinda. Sasa acha ukaidi, panda gari."

"Nimekusikia, Kaka," alisema Bi Sindano, na kweli alikuwa amemsikia. Akakata simu, akaitia mfukoni, akavaa helmeti. Spoku alikuwa ameshatangulia getini.